Kusoma Aeneid kwa pamoja: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua tafsiri hadi mshororo wa mwisho

Kikundi kinachoiacha Aeneid, utenzi mkuu wa Kilatini wa Roma ya kale, njiani mara nyingi kimeharibikiwa siku ya kutafuta nakala. Mmoja amenunua tafsiri iliyosifiwa gazetini, wa pili amepakua ya bure ya karne ya 17, wa tatu ana nakala ya zamani isiyo na namba za mishororo. Kikao cha kwanza kinakwisha watu wakiulizana, "Mpo wapi?" Cha tatu hakifanyiki. Mwongozo huu ni wa watu watano hadi kumi wasiojua Kilatini, wanaotaka kuusoma utenzi huu wote kwa sauti na kuufikisha mwisho.

Mnachokishika mkononi

Publius Vergilius Maro, anayeitwa Virgil, alizaliwa karibu na Mantua, kaskazini mwa Italia, mwaka 70 K.K. Aeneid ndiyo kazi iliyomchukua miaka yake ya mwisho. Alifariki Brundisium, bandari ya kusini mwa Italia, mwaka 19 K.K. akiwa bado anaipiga msasa. Masimulizi ya kale yanasema aliagiza ichomwe moto, lakini Kaisari Augusto, yule yule wa Injili ya Luka, akaamuru itolewe. Ina mishororo 9,896 katika vitabu 12. "Kitabu" hapa ni sehemu ya mishororo kati ya 700 na 950 hivi, ambayo husomeka kwa sauti kwa saa moja au zaidi kidogo.

Hadithi kwa ufupi: mji wa Troya unateketezwa na Wagiriki. Aeneas, shujaa wa Troya, anatoka amembeba baba yake mgongoni na kumshika mwanawe mkono. Mkewe Creusa anapotea gizani. Baada ya miaka ya kutangatanga, tufani inamtupa Karthago, katika pwani ya Tunisia ya leo. Malkia Dido anampenda, miungu inamwamuru aondoke, Dido anajiua. Aeneas anafika Italia na kushuka kuzimu kuonana na baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Hapo ni mwisho wa Kitabu cha 6. Vitabu sita vilivyobaki ni vita na Turnus, aliyekuwa akimtaka Lavinia, binti wa mfalme Latinus, kabla mgeni hajafika na kupewa ahadi ya kumwoa. Msiogope kuambiana hadithi mapema. Wasikilizaji wa kwanza wa Virgil waliijua pia.

Hatua ya kwanza: ulizaneni mnataka nini na mna lugha gani

Anayetaka kisa kimchukue hahitaji tafsiri ile ile na anayetaka kujua Virgil alisema nini hasa katika mshororo wa 361 wa Kitabu cha 4. Wa kwanza anafaa apewe tafsiri yenye mwendo. Wa pili anahitaji inayofuata Kilatini hatua kwa hatua. Kikundi kimoja kinaweza kuwa na watu wa aina zote mbili bila ugomvi, mradi lisemwe waziwazi kabla ya pesa kutoka.

La pili ni lugha. Wengi wetu tutaisoma kwa Kiingereza, lakini wenzetu wa Bujumbura, Goma au Lubumbashi mara nyingi wana Kifaransa chepesi zaidi, na hakuna sababu ya kuwalazimisha kuhama. Kinachowaunganisha wasomaji wa lugha mbili ni namba za mishororo ya Kilatini. "Kitabu cha 4, mshororo wa 305" ni mahali pale pale Paris, Nairobi na Roma. Kwa hiyo sharti la kwanza la nakala yoyote, kabla ya uzuri wake, ni kwamba iwe na namba hizo pembeni au juu ya ukurasa. Angalieni vizuri, kwa sababu baadhi ya tafsiri, ya Robert Fagles ikiwemo, zina hesabu yao wenyewe ya mishororo pembeni na huweka ile ya Kilatini juu ya ukurasa tu. Msipolijua hilo mtapotezana.

Hatua ya pili: orodha fupi

Tafsiri za Kiingereza ni nyingi kupita kiasi. Nitazitaja ninazoona zina maana kwa kikundi.

John Dryden aliichapisha yake mwaka 1697, kwa vina vya mishororo miwili miwili. Ni kazi kubwa ya ushairi wa Kiingereza na inapatikana bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, lakini imevimba hadi kupita mishororo 13,000, maana vina vinataka kulishwa. Tena Dryden alikuwa amepoteza cheo chake cha mshairi wa taifa baada ya mfalme James II kuangushwa mwaka 1688, na huzuni ya mtu aliyeshindwa kisiasa inasikika humo. Someni kurasa zake chache kwa raha. Msiifanye nakala ya kikundi.

C. Day Lewis aliitafsiri kwa ajili ya redio ya BBC na kuichapisha mwaka 1952. Ilitengenezwa kwa ajili ya sikio, na bado inasomeka vizuri kwa sauti. Allen Mandelbaum (1971) na Robert Fitzgerald (1983) ni washairi watulivu, wenye heshima kwa Kilatini. Fagles (2006) ana nguvu za jukwaani: sentensi zake hupanda na kushuka, msomaji mwenye sauti nzuri hufurahi naye, ila anaongeza maneno. Sarah Ruden (2008, akaipitia upya 2021) na Shadi Bartsch (2021) wamejibana: mshororo kwa mshororo, bila mafuta. Frederick Ahl (2007) amejaribu kuiga mapigo yenyewe ya Virgil kwa Kiingereza, jambo gumu linalomchosha msomaji asiyezoea. David West (1990) ameandika nathari safi, na mtu yeyote mwenye Kiingereza cha sekondari ataielewa.

Kwa wasio na bajeti, tafsiri ya A. S. Kline iko bure kwenye intaneti, ni ya lugha nyepesi, na kila kifungu kina namba za Kilatini. Si ya kutoa machozi, ila haidanganyi. Nathari ya J. W. Mackail ya mwaka 1885 nayo ni ya bure, lakini Kiingereza chake kina vumbi.

Kwa Kifaransa, Jacques Perret alitengeneza toleo la Les Belles Lettres lenye Kilatini na Kifaransa uso kwa uso, na Paul Veyne alitoa tafsiri ya nathari mwaka 2012. Veyne alikuwa mwanahistoria wa Roma na anaandika kama mtu anayesimulia. Kwa kikundi, ningeanza naye.

Hatua ya tatu: pimeni kwa vifungu vinne

Kununua tafsiri kwa jina la mfasiri ni sawa na kununua kanga bila kusoma maandishi yake. Kabla ya kuamua, pateni kurasa za mfano za tafsiri mbili au tatu, maktabani au kwenye tovuti za wauza vitabu, kisha mtu mmoja asome kwa sauti huku wengine wakisikiliza bila kuangalia maandishi. Nina vifungu vinne ninavyovitumia.

Cha kwanza ni mwanzo wenyewe, Kitabu cha 1, mishororo 1 hadi 11. Arma virumque cano: silaha na mtu ninawaimba. Sentensi hiyo ya kwanza inakwenda mishororo saba bila kupumua, kutoka Troya hadi kuta za Roma. Sikilizeni kama msomaji anafika mwisho wake akiwa bado anajua anasema nini. Kisha kuna swali la mshororo wa 11, kama nyoyo za mbinguni zina hasira kubwa namna hii. Swali hilo linatawala vitabu vyote 12. Mfasiri akilipitisha haraka, ana haraka kila mahali.

Cha pili ni ugomvi wa Dido na Aeneas, Kitabu cha 4, mishororo 296 hadi 392. Hapa ndipo tafsiri hufa au huishi. Dido amegundua kwamba merikebu zinatayarishwa kwa siri, naye anaongea kama mtu aliyesalitiwa: anatukana, anaomba, anahesabu aliyompa, anatukana tena. Aeneas anamjibu kama wakili. Mfasiri mbaya huwapa wote wawili sauti moja. Halafu angalieni mshororo wa 361, Italiam non sponte sequor, "Italia siifuati kwa hiari yangu." Katika Kilatini mshororo huo umekatika nusu. Aeneid ina nusu-mishororo zaidi ya 50 ambayo Virgil hakuijaliza, na huu ndio unaouma kuliko yote, maana Aeneas anasema hivyo kisha kunabaki nafasi tupu. Je, mfasiri ameiacha nafasi hiyo au ameiziba? Mimi nampenda anayeiacha.

Cha tatu ni vita, Kitabu cha 10, mishororo 439 hadi 509. Turnus anamuua Pallas, kijana anayepigana upande wa Aeneas, na kumvua mkanda wake. Watu husahau kupima vita, kisha wakifika nusu ya pili wanagundua kwamba mfasiri wao alikuwa hodari wa mapenzi tu. Mnatakiwa muone nani amesimama wapi, mkuki umepita wapi, nani ameanguka. Kama msikilizaji amepotea, si kosa lake.

Cha nne ni mwisho, Kitabu cha 12, mishororo 919 hadi 952. Turnus ameanguka, anaomba aachwe hai kwa ajili ya baba yake mzee. Aeneas anasita. Kisha anaona mkanda wa Pallas begani mwa Turnus, anawaka, anachoma upanga, na roho ya Turnus inakimbilia vivulini ikinung'unika. Hakuna mazishi wala arusi. Mfasiri anayepaka asali hapo, akimfanya Aeneas aonekane hakimu mtulivu, ameficha jambo. Kilatini kinasema amewashwa na ghadhabu na anatisha kwa hasira. Hasira ile ile tuliyoulizwa habari zake mwanzoni kwa Juno, mungu wa kike anayemwandama Aeneas, sasa imo ndani ya shujaa.

Baada ya vifungu hivyo vinne pigeni kura. Isiwe kura ya "ipi nzuri"; iwe "ipi tuliifuata bila kuangalia maandishi."

Hatua ya nne: moja ya kusomea, moja ya kuhakikishia

Kikundi kinahitaji tafsiri mbili, si nane. Ya kwanza ni ile mliyoichagua, kila mtu anayo. Ya pili inakaa kwa mtu mmoja tu. Iwe toleo lenye Kilatini upande mmoja na maana iliyonyooka upande wa pili: kwa Kiingereza ni lile la mfululizo wa vitabu wa Loeb, lililotafsiriwa na H. R. Fairclough na kurekebishwa na G. P. Goold, juzuu mbili. Kwa Kifaransa ni la Perret. Asiyeweza kulinunua atumie Perseus, maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Tufts, bure kabisa. Mwenye nakala hiyo haongei mpaka aulizwe, "Kilatini kinasemaje?" Sheria hii ni muhimu. Mtu mwenye Loeb asiyejizuia anaweza kukiua kikundi kwa wiki mbili.

Na kama mnamjua padri mzee aliyesoma seminari wakati Kilatini kilipokuwa kikifundishwa kwa nguvu, mwalikeni walau mara moja. Mshikeni aghani mishororo 20 tu ya Kitabu cha 2. Mtasikia mapigo sita katika kila mshororo, na baada ya hapo hata Kiingereza mtakisoma tofauti.

Hatua ya tano: ratiba

Kitabu kimoja kwa kikao, kikao kimoja kila wiki mbili, na mapumziko ya mwezi baada ya Kitabu cha 6. Inakuwa nusu mwaka na kidogo. Kitabu cha 6 chenyewe kipeni vikao viwili.

Kuna ushauri unaozagaa kwamba mtu asome cha 1, 2, 4 na 6 tu, vingine ajazie kwa muhtasari. Siukubali. Atakayeruka nusu ya pili hatakutana na marafiki wawili, Nisus na Euryalus, katika Kitabu cha 9, wala Mezentius, mfalme katili ambaye kifo cha mwanawe Lausus kinamgeuza mbele ya macho yetu katika cha 10, wala Camilla, mwanamke mpiganaji, katika cha 11. Virgil mwenyewe, mwanzoni mwa Kitabu cha 7, anasema kazi anayoianza sasa ni kubwa zaidi. Mkibanwa kweli na muda, punguzeni Kitabu cha 3 na michezo ya mazishi ya cha 5.

Hatua ya sita: karatasi ya majina

Tengenezeni ukurasa mmoja kabla ya kikao cha kwanza, kila mtu awe nao. Wagiriki wanaitwa pia Danai, Achivi na Argivi. Watroya ni Teucri, Dardani, Phryges, au "watu wa Aeneas." Mwana wa Aeneas ni Ascanius, na ni Iulus pia, jina hilo la pili lina kazi, kwa sababu ukoo wa Julius Caesar ulidai kutoka kwake. Italia ni Hesperia na ni Ausonia. Pallas ni jina la mungu wa kike Minerva, na ni jina la yule kijana, mwana wa Evander, mfalme rafiki wa Aeneas. Wawili hao hawana uhusiano wowote. Miungu wana majina ya Kirumi: Juno ndiye Hera wa Wagiriki, Venus ndiye Afrodite, na ni mama yake Aeneas. Aliyekulia pwani akisikia nasaba zikisomwa hatapata taabu, wengine wataishukuru karatasi.

Hatua ya saba: kikao chenyewe

Kila mtu ameshasoma kitabu nyumbani. Kwenye kikao hamkisomi chote tena. Msomaji wa zamu anachagua vifungu vitatu, jumla mishororo 200 hivi, na anavigawa kwa sauti: mmoja msimulizi, mmoja Dido, mmoja Aeneas. Virgil amejaza hotuba, na hotuba zinataka watu. Kwa walio mbali, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafaa kabisa: kila mtu arekodi mishororo yake usiku wa kuamkia kikao.

Tashbihi ndefu ndizo huwachanganya wasikilizaji. Virgil anasema "kama vile," kisha anaondoka mishororo saba kwenda kwa nyuki, au paa aliyechomwa mshale, halafu anarudi. Msomaji aweke alama ya penseli mahali tashbihi inapoanza na inapoisha, apunguze mwendo katikati. Ni jambo dogo linalookoa nusu ya maswali.

Maswali ya mjadala msiyaandike kumi. Moja linatosha. Kwa Kitabu cha 4: Je, Dido aliolewa au hakuolewa? Yeye anaita ndoa, Aeneas anakana, na msimulizi anasema alitumia jina hilo kufunika kosa. Tulieni hapo. Mnapoendelea, kumbukeni kwamba Karthago ilikuwa adui mkubwa wa Roma hadi ilipobomolewa mwaka 146 K.K., na kwamba laana ya Dido anapokufa, akiomba mlipiza kisasi ainuke kutoka mifupani mwake, kila Mrumi aliisikia kuwa ni Hannibal, jemadari wa Karthago. Waafrika wa kale nao walimsoma Virgil kwa moyo. Agostino, aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo, anakiri katika Maungamo yake kwamba alimlilia Dido utotoni. Na picha mashuhuri ya mozaiki ya Virgil, akiwa ameketi kati ya miungu wawili wa sanaa na gombo la Aeneid mapajani, ilipatikana Sousse na imo katika jumba la makumbusho la Bardo, Tunis.

Mahali mtakapokwama

Kitabu cha 2, mishororo 567 hadi 588: Aeneas anamwona Helen amejificha, anataka kumuua. Nakala moja itakuwa nayo, nyingine itaiweka katika mabano. Kifungu hicho hakimo katika nakala kongwe za mkono. Kimehifadhiwa na Servius, mfafanuzi wa kale, na wasomi bado wanabishana kama ni cha Virgil. Vilevile matoleo ya zamani huweka mishororo minne kabla ya Arma virumque. Ipuuzeni.

Mwisho wa Kitabu cha 6 kuna malango mawili ya usingizi, moja la pembe linalopitisha vivuli vya kweli, moja la pembe za ndovu linalopitisha ndoto za uongo. Aeneas, baada ya kuonyeshwa utukufu wote wa Roma ijayo, anatolewa kwa lango la ndovu. Kwa nini? Majibu ni mengi na hakuna lililomaliza ubishi. Msiruhusu mtu asome jibu kutoka kwenye simu kabla wengine hawajasema.

Orodha ya majeshi katika Kitabu cha 7 isomeni haraka, kila kiongozi na sauti yake, hadi mfike kwa Camilla anayeifunga.

Kabla ya kikao cha mwisho, rudini Kitabu cha 6, mshororo wa 853, baba yake Aeneas anapomwagiza Mrumi awasamehe walionyenyekea na kuwavunja wenye kiburi. Kisha ndipo msome kifo cha Turnus. Mjadala utajiendesha.

Hatua ya hiari: jaribuni kwa Kiswahili

Mkimaliza, chukueni Kitabu cha 1, mishororo 148 hadi 156. Neptune, mungu wa bahari, anatuliza mawimbi, na Virgil anamfananisha na mtu wa heshima anayetuliza umati wenye fujo. Mishororo tisa ya silabi 13 hadi 17 ni kama silabi 135. Ubeti wa utenzi wa mizani nane una 32. Kwa hesabu ni beti nne na kidogo, ingawa mtahitaji zaidi. Utenzi si vazi la kuazima hapa: Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, pia ni wa vita, na Herekali wake ni kaisari wa Roma ya mashariki. Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza hakina, kwani mtendaji, wakati na mtendwa wanakaa ndani ya kitenzi kimoja, kama Kilatini kinavyobana.

Huu ni ubeti wangu wa mishororo mitatu ya kwanza, mnaruhusiwa kuukosoa:

Kama mji ukiwaka,
watu wakahamanika,
mawe, mienge yaruka,
ghadhabu yawapa zana.

Nimeacha nje ignobile, dharau ya Virgil kwa umma wa kawaida. Mwingine angeanza na hiyo. Wagawane watu wawili wawili, wawili kwa utenzi, wawili kwa shairi huru, wawili kwa nathari, na mwenye Loeb awe mwamuzi. Ubeti wa pili, mtu wa heshima anapotokea na umati ukanyamaza, nawaachia. Kina cha mwisho ni -na.